Kwa nini mabingwa wa gofu hung'ang'ania chapa fulani za fimbo?

AGOSTI 3, 2016, kampuni kubwa ya vifaa vya michezo ya Marekani, Nike, ilitangaza kuwa inaacha kutengeneza fimbo, mipira na mifuko ya gofu, na kwamba itabaki na viatu na mavazi pekee. Kwa mtu asiyeufuatilia mchezo huo, habari hiyo ilikuwa ya kibiashara tu. Lakini kwa wachezaji waliokuwa wakilipwa na kampuni hiyo, wakiwamo Tiger Woods na Rory McIlroy, tangazo hilo lilizusha swali zito: sasa washike fimbo za nani?

Swali hilo lilileta jaribio ambalo ni nadra kupatikana katika michezo ya kulipwa. Kwa miaka mingi watazamaji wamekuwa wakiwaona mabingwa wakitembea na mifuko yenye majina makubwa, Titleist, TaylorMade, Callaway, Ping au Mizuno, pasipo kujua kama majina hayo yapo pale kwa sababu ya ubora au kwa sababu ya hundi. Ghafla kundi la wachezaji hodari duniani likawa huru kushika chochote wanachotaka. Waliyoyafanya baada ya hapo yanaeleza mengi kuliko matangazo ya televisheni.

Fedha nyuma ya mfuko

Hakuna ubishi kwamba jibu la kwanza ni fedha. Kampuni humlipa mchezaji ili atumie idadi fulani ya fimbo zake, avae kofia yenye nembo yake na mfuko wake ubebe jina lake mbele ya kamera. Kanuni za gofu zinaruhusu fimbo zisizozidi 14, kikomo kilichowekwa na chama cha Marekani, USGA, mwaka 1938 na kufuatwa na R&A ya Uskoti mwaka uliofuata. Mikataba mingi haidai zote 14. Huacha nafasi chache ambazo mchezaji anaweza kuzijaza kwa fimbo za kampuni nyingine, na nafasi hizo, kama itakavyoonekana, ndizo zenye siri kubwa.

Kampuni hazitoi fedha hizo kwa hisani. Mchezaji wa ridhaa anayecheza Jumamosi hununua kile anachokiona mkononi mwa bingwa siku ya Jumapili. Acushnet, kampuni inayomiliki chapa ya Titleist, imeujenga mkakati wake juu ya kile inachokiita piramidi ya ushawishi: bingwa yupo kileleni, wanafuata walimu wa klabu, na chini kabisa wapo wachezaji wa kawaida ambao ndio wengi na ndio wanaolipa. Marekani kuna hata kampuni, Darrell Survey, ambayo tangu miaka ya 1930 kazi yake ni kuhesabu katika mashindano ni mchezaji gani ana fimbo gani, ili kampuni zipate kujigamba kwa takwimu.

Ukubwa wa biashara hiyo unaonekana katika bei za kampuni zenyewe. Mwaka 2011 wawekezaji wa Korea Kusini wakiongozwa na Fila Korea waliinunua Acushnet kwa dola za Marekani bilioni 1.225. Mwaka 2017 Adidas, iliyokuwa imechoka na biashara hiyo kama Nike, iliiuza TaylorMade kwa dola milioni 425. Anayenunua kampuni ya fimbo hanunui mitambo pekee. Hununua pia imani ambayo wachezaji wanayo juu ya jina hilo.

Walipoachwa huru

Hata hivyo, kama fedha ingekuwa jibu zima, mchezaji asiye na mkataba angeridhika na fimbo yoyote, au angechukua seti nzima ya kampuni moja na kuisubiri imlipe. Sivyo ilivyokuwa.

Mmarekani Brooks Koepka alikuwa miongoni mwa walioachwa na Nike. Hakukimbilia mkataba mwingine. Aliunda mfuko wa mchanganyiko: fimbo ndefu ya kuanzia, yaani dreva, kutoka TaylorMade; fimbo za chuma kutoka Mizuno; weji, zile fimbo fupi za kunyanyua mpira karibu na shimo, kutoka Titleist; na fimbo ya kusukumia mpira shimoni kutoka Scotty Cameron, ambayo ni chapa ya nyumba hiyo hiyo ya Titleist. Fimbo moja ya Nike, ya chuma namba tatu, ilibaki mfukoni ingawa waliyoitengeneza walikuwa wamefunga biashara. Kwa mchanganyiko wa namna hiyo alishinda mashindano manne makubwa katika kipindi kisichofika miaka miwili: US Open mwaka 2017 na 2018, na PGA Championship mwaka 2018 na 2019.

Patrick Reed alifanya vivyo hivyo. Aliposhinda Masters mwaka 2018 hakuwa na mkataba wa fimbo. Dreva yake ilikuwa ya Ping, fimbo zake za chuma zilikuwa za Callaway, na mfukoni mlikuwamo pia fimbo ya Nike. Mchezaji aliyevaa koti la kijani mwaka ule hakuwa balozi wa kampuni yoyote ya fimbo.

Kwa hiyo, fedha ilipoondolewa mezani, hakuna kampuni moja iliyojitokeza kuwa bora kwa kila kitu. Wachezaji walichagua fimbo moja moja, kila moja kwa kazi yake, na mara nyingi walirudi kwenye majina yale yale kwa kazi zile zile. Hapo ndipo swali la ufundi linapoanza.

Ukuta wa kanuni

Katika dreva, fimbo inayopewa matangazo mengi kuliko zote, tofauti kati ya chapa kubwa ni ndogo kuliko wauzaji wanavyotaka wanunuzi waamini. Sababu ni kanuni. Tangu mwaka 2004 kichwa cha dreva hakiruhusiwi kuzidi sentimita za ujazo 460, na uso wake hauruhusiwi kuurusha mpira kwa nguvu zaidi ya kipimo kilichowekwa. Kampuni zote kubwa zimekwishaufikia ukuta huo. Zinachoweza kufanya ni kuhamisha uzito ndani ya kichwa, gramu chache huku na chache kule, ili mpira uliopigwa pembeni usipotee sana.

Ushahidi kwamba zote zimeukaribia ukuta ulionekana katika PGA Championship ya Mei 2025 huko Quail Hollow. Dreva za McIlroy na Scottie Scheffler, mchezaji namba moja duniani, zilipopimwa zilikutwa zimevuka kipimo. Haikuwa hila. Uso wa fimbo unaopigwa maelfu ya mara hulegea kidogo kidogo hadi ukavuka mpaka. Scheffler alichukua dreva ya akiba na akatwaa ubingwa.

Tofauti ya kweli inapojitokeza, mabingwa hawana uaminifu kwa jina. Mwaka 1979 Gary Adams alianzisha TaylorMade kwa wazo la kutengeneza kichwa cha dreva kwa chuma cha pua badala ya mti. Wengi walisita mwanzoni, lakini katika miaka ya 1990 mti ulikuwa unatoweka. Mjerumani Bernhard Langer, mwaka 1993, ndiye wa mwisho kushinda Masters kwa dreva ya mti.

Mfano wa haraka zaidi ni wa mpira. Mwaka 2000 wachezaji wengi wa kulipwa walikuwa bado wakitumia mipira iliyosokotwa kwa nyuzi za mpira ndani. Mwezi Juni, Woods alishinda US Open kwa tofauti ya mikwaju 15 akitumia mpira wa Nike wenye kiini kigumu. Mwezi Oktoba Titleist ilileta Pro V1 katika mashindano ya Las Vegas, na wachezaji 47 waliuhamia katika wiki hiyo moja. Mshindi, Billy Andrade, alikuwa mmoja wao. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika wiki ile, kizuri kilijiuza.

Mkono wa fundi

Ikiwa dreva zinalingana, kwa nini basi Mizuno, kampuni ya Osaka iliyoanzishwa mwaka 1906, inasifiwa kwa fimbo za chuma hata na watu isiowalipa? Jibu limo katika namna chuma kinavyotengenezwa na katika kile ambacho mchezaji hodari anakihitaji.

Fimbo ya chuma huweza kutengenezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumimina chuma kilichoyeyushwa katika kalibu. Ya pili ni kukifua chuma laini kikiwa cha moto, kama mhunzi, hadi kipate umbo. Njia ya kwanza humpa mbunifu uhuru wa kuweka uwazi nyuma ya kichwa na kusambaza uzito pembeni, jambo linalomsaidia anayekosea. Ya pili hutoa fimbo ambayo mafundi wanaweza kuikunja kwa nyuzi moja au mbili ili imfae mwenyewe, na ambayo wachezaji wengi husema inawaeleza kwa mtetemo na sauti kama mpira umepigwa katikati au la.

Hapo ndipo mahitaji ya bingwa na ya mchezaji wa kawaida yanapoachana. Mchezaji wa kawaida anataka fimbo inayoficha makosa yake. Bingwa hukosea kwa milimita chache tu, na anataka kuyajua makosa hayo, kwa kuwa pengine ataamua kuupinda mpira kwa makusudi kuelekea kushoto au kulia. Fimbo inayonyoosha kila kitu humnyima uhuru huo. Ndiyo maana fimbo nyembamba zenye uso mdogo, ambazo mchezaji wa wikiendi angezichukia, hupatikana mifukoni mwa walio bora.

Hata hivyo ingekuwa makosa kudhani kwamba kufua kumeshinda. Karsten Solheim, mhandisi aliyekuwa General Electric, alianza kutengeneza fimbo za kusukumia mwaka 1959 katika gereji yake, akaiita chapa yake Ping kwa sababu ya sauti ambayo fimbo ya kwanza ilitoa. Fimbo zake za chuma za Eye2, za kumiminwa, zilitoka mwaka 1982 na zikapendwa na wachezaji wa kulipwa wenyewe. Mark Calcavecchia alishinda nazo Open ya Uingereza mwaka 1989. Mifereji ya uso wake ilizua mzozo uliofika mahakamani kati ya Ping na vyama vinavyosimamia mchezo.

Mzozo huo ulikuwa na mkia mrefu. Januari 2010, kanuni mpya ilipopunguza makali ya mifereji, Phil Mickelson, ambaye alikuwa akilipwa na Callaway, aliingia uwanjani Torrey Pines na weji ya Ping Eye2 yenye umri wa miaka 20 na zaidi. Makubaliano ya mwaka 1990 yalizilinda fimbo hizo za zamani. Mchezaji mwenzake, Scott McCarron, alikiita kitendo hicho udanganyifu, ingawa kanuni haikuvunjwa. Kilicho muhimu hapa ni kwamba bingwa mwenye mkataba mnono alikuwa tayari kutumia fimbo ya mshindani, iliyopitwa na wakati, kwa sababu aliamini itamwokolea mkwaju mmoja.

Kinachobaki kuwa siri

Katika zile nafasi ambazo mikataba huziacha wazi, fimbo ya kusukumia na weji huonekana mara nyingi. Si ajabu. Kwa dreva bingwa huupiga mpira mara 14 hivi katika raundi, ilhali kwa fimbo ya kusukumia huugusa karibu mara 30, na ndiyo inayoamua nani ashinde. Woods alipohamia Nike hatua kwa hatua kuanzia mwaka 2000, aliwapa mpira, dreva na fimbo za chuma, lakini kwa muda mrefu hakuiacha fimbo yake ya kusukumia ya Scotty Cameron. Kati ya mataji yake 15 makubwa, 14 aliyapata kwa fimbo hiyo moja, likiwamo la Masters ya mwaka 2019.

Scheffler naye, licha ya kusaini na TaylorMade mwaka 2022, ameendelea kutumia weji na mpira wa Titleist. Katika kusukumia alikuwa na tatizo la muda mrefu. Machi 2024 alichukua fimbo ya TaylorMade yenye kichwa kikubwa, akashinda mashindano ya Arnold Palmer na kisha Players wiki moja baadaye. McIlroy kwa upande wake alishinda Masters ya mwaka 2025 kwa dreva ya Qi10, toleo la mwaka uliotangulia, wakati kampuni yake ilikuwa inauza toleo jipya. Hapo tangazo lilimtaka mnunuzi abadilishe, na bingwa hakubadilisha.

Imani ya namna hii si ushirikina. Fimbo hukutana na mpira kwa muda usiofika elfu moja ya sekunde, na kichwa chake, kwa wachezaji wa kulipwa, husafiri kwa zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Hakuna nafasi ya kufikiri katikati ya mkwaju. Mchezaji anayeitilia shaka fimbo yake hukaza mikono bila kujijua, na mkono uliokazwa huharibu kila kitu.

Gharama ya kubadili

Wapo waliobadili na wakajuta, au angalau mambo yao hayakuwa sawa baadaye. Mwingereza Justin Rose alikuwa namba moja duniani aliposaini na Honma ya Japani Januari 2019. Alishinda Torrey Pines ndani ya wiki chache, na wengi wakadhani mjadala umekwisha. Kufikia Mei 2020 alikuwa ameteremka katika orodha ya ubora na pande hizo mbili zikaachana. Lydia Ko wa New Zealand aliingia mwaka 2017 akiwa namba moja kwa wanawake, akiwa amehama kutoka Callaway kwenda PXG. Mwaka huo hakushinda hata mara moja, na mwezi Juni alipoteza nafasi yake.

Ni haki kusema kwamba katika visa hivyo fimbo hazikuwa peke yake. Ko alikuwa amebadilisha pia kocha na mbeba mfuko wake. McIlroy alisuasua mwaka 2013 baada ya kujiunga na Nike, lakini mwaka uliofuata alitwaa Open na PGA Championship kwa fimbo zile zile. Mwaka 2003 Mickelson alidai kuwa ni Woods pekee aliyekuwa na kipaji cha kuushinda udhaifu wa vifaa vyake, na Woods akaendelea kushinda. Kinachoonekana ni kwamba mabadiliko yanataka muda, na katika mchezo ambao kazi ya mtu yaweza kuharibika katika msimu mmoja, muda ni ghali kuliko mkataba.

Jina kubwa nalo si dhamana. Bryson DeChambeau alishinda US Open ya mwaka 2024 kwa dreva ya Krank na fimbo za chuma za Avoda, kampuni ndogo ambazo wachezaji wengi hawakuwa wamezisikia. Fimbo hizo za chuma zilitengenezwa kwa mtambo wa kuchapisha vitu kwa tabaka, kwa vipimo vyake mwenyewe.

Somo kwa anayenunua

Afrika Mashariki si mgeni katika mchezo huu. Kenya Open imekuwapo tangu mwaka 1967. Seve Ballesteros aliishinda mwaka 1978 na Ian Woosnam mwaka 1986, na tangu mwaka 2019 imo katika ratiba kuu ya Ulaya. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza kama wabeba mifuko, wakijifunza kwa fimbo za kuazima au za kurithi kutoka kwa wanachama wa klabu. Fimbo hizo zilikuwa zimekatwa kwa urefu wa mtu mwingine na kwa nguvu za mtu mwingine. Kijana aliyezoea mpini uliomzidi urefu au ugumu hujenga mpigo wa kujihami, na kuuondoa baadaye ni kazi ya miaka.

Hapo ndipo pengo halisi lilipo. Bingwa wa Marekani au Ulaya, kila wiki ya mashindano, hukuta gari la kampuni likiwa karakana kamili: mafundi hukata mpini, hukunja kichwa, huongeza risasi ya uzito, kisha mtambo wa rada humwonyesha mpira umezunguka mara ngapi na umepaa kwa pembe gani. Anachopewa na chapa ni jina pamoja na fundi wa kumpimia, kama fundi cherehani apimavyo suti. Mchezaji wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anayenunua fimbo hiyo hiyo dukani hupata jina bila fundi. Tena akiwa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mpira wake huruka mbali zaidi kuliko ufukweni, na hesabu za umbali zilizoandikwa kwa mtu mwingine hazimfai.

Kwa sababu hiyo, klabu inayotaka kukuza vijana ingefanya vema kumsomesha fundi mmoja wa kurekebisha fimbo kabla ya kuagiza seti mpya za chapa inayovuma. Mwanachama anayetaka kubadili fimbo zake naye angeanza kwa kupimwa urefu, uzito na ugumu wa mpini, kisha ndipo aulize jina. Ndivyo Koepka na Reed walivyofanya walipokuwa huru.

Waswahili husema mchagua jembe si mkulima. Mabingwa wa gofu wanachagua jembe kila siku na bado ni wakulima hodari, lakini hulichagua kwa kuangalia mkono wao na udongo wanaoulima. Anayelichagua kwa kuangalia jina la mhunzi ndiye aliyelengwa na methali hiyo.